Koo moja, kazi mbili: kisa cha profesa wa anthropolojia anayeimba opera

Kisa hiki nakiandikia wale wanaopanga ratiba za watu: wakuu wa idara, waratibu wa masomo, wasimamizi wa majumba ya sanaa. Nami ni mmoja wao. Mhusika ameyasoma maandishi haya yote na kuyaridhia. Jina, chuo, mji, mwaka na jumba la opera nimeviacha, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Opera yenyewe, yaani igizo linaloimbwa mwanzo hadi mwisho, ameniruhusu niitaje, kwa kuwa huimbwa kila msimu katika majumba mengi duniani. Nitamwita Profesa.

## Usuli

Profesa amefundisha anthropolojia, taaluma inayochunguza jamii na tamaduni za watu, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Somo lake la mwaka wa kwanza ndilo lenye wanafunzi wengi kuliko yote katika idara: 180 ndani ya ukumbi mmoja, mara mbili kwa wiki, saa mbili kila kipindi. Juu ya hilo ana semina ya uzamili, saa za kuonana na wanafunzi ofisini, na tasnifu sita za kusimamia. Vilevile ni mwimbaji wa opera, na sisemi mtu anayependa tu kuimba. Alisomea uimbaji kabla hajasomea anthropolojia, sauti yake ni mezosoprano, yaani sauti ya kike inayokaa chini kidogo ya soprano, na karibu kila mwaka hupata mkataba mmoja au miwili ya kulipwa.

Ndani ya idara watu walimtazama kwa macho mawili. Wako waliojivunia, hasa mahafali yakikaribia, maana kila mwaka ndiye huombwa aimbe. Wako waliosema mshika mbili moja humponyoka. Kule kwenye jumba la opera nako, nilikuja kuambiwa baadaye, baadhi yao walimwita "yule mwalimu", na hawakulisema neno hilo kwa heshima. Kila upande ulimwona nusu mtu. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ndilo lililomfanya aufiche ugonjwa kwa wiki tatu.

Mwenyewe hakujiona nusu. Mwaka 1934 Marcel Mauss, mwanaanthropolojia wa Ufaransa, alitoa mhadhara mashuhuri akieleza kwamba jinsi tunavyotembea, tunavyoogelea na hata tunavyokaa hatukuzaliwa nayo. Jamii imeufunza mwili. Profesa hufundisha hoja hiyo kwa kuwasimamisha wanafunzi wote wavute pumzi, kisha huwauliza: nani aliwafundisha kuinua mabega? Mwimbaji wa opera hutanua mbavu za chini huku mabega yametulia, na mwili huchukua miaka kukubali. Pia huwakumbusha kwamba mwaka 1960 Mantle Hood, Mmarekani mtafiti wa muziki wa tamaduni mbalimbali, alisisitiza kuwa anayetaka kuuelewa muziki wa watu wengine ajifunze kuucheza mwenyewe, asiishie kusikiliza. Kwa Profesa jukwaa na darasa ni swali moja linaloulizwa mahali pawili. Fomu yetu ya tathmini ya kila mwaka iliuweka uimbaji wake chini ya "shughuli nyinginezo".

Mkataba wa safari hii ulikuwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kupata: Amneris, binti wa Farao katika *Aida* ya mtunzi Mwitaliano Verdi. Wiki sita za mazoezi ya jioni, kisha maonyesho matano.

## Yaliyotokea

Ratiba niliipanga mimi, na niliipenda. Mihadhara Jumanne na Alhamisi asubuhi, semina Jumatano, mazoezi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Hakuna kipindi kilichogongana na kingine. Nilimpelekea mkuu wa idara karatasi yenye rangi mbili, buluu ya chuo na nyekundu ya jumba la opera, na buluu haikuigusa nyekundu hata mahali pamoja. Tukaridhika.

Mazoezi yalianza wiki ya tatu ya muhula. Wiki hiyohiyo sauti yake ya asubuhi ikaanza kukwaruza. Nilipomuuliza alisema ni vumbi la makabrasha ya zamani. Wiki ya nne akawa anatembea na chupa ya maji ya moto. Wiki ya tano niliona ameacha kuzungumza kwenye korido; akikutana na mtu hutabasamu, huinua mkono, hupita. Niliyaona yote hayo. Sikuyaunganisha.

Wiki ya sita alifundisha mhadhara ambao wanafunzi wake bado wanausimulia. Mada ilikuwa jinsi watu wanavyowachora watu wa mbali, na mfano wake ulikuwa opera anayoiimba. Aliwaeleza kwamba *Aida* ilioneshwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Kwamba wazo la hadithi lilitoka kwa Auguste Mariette, Mfaransa mwanaakiolojia wa mambo ya Misri. Kwamba mapambo na mavazi yalikwama Paris mji ulipozingirwa na majeshi ya Prussia, ndiyo maana onyesho likachelewa. Kwamba Verdi mwenyewe hakwenda kuliona. Misri iliyochorwa na Ulaya, ikapelekwa Misri, ikatazamwa na wageni waalikwa. Kisha akagusia mjadala wa kupaka waimbaji rangi nyeusi, na kwamba Metropolitan Opera ya New York iliacha kumpaka rangi mwimbaji wa Otello, shujaa mweusi wa opera nyingine ya Verdi, mwaka 2015 tu.

Hapo mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma akasimama. "Profesa, na wewe mwenyewe watakupaka nini usoni?"

Ukumbi ukalipuka. Nilikuwa nimekaa pembeni siku hiyo kwa sababu ya ukaguzi wa kawaida wa ufundishaji, kwa hiyo nililiona kwa macho yangu. Profesa aliliacha jukwaa, akapanda ngazi za katikati hadi kwenye safu za kati, akajibu akiwa amesimama miongoni mwao. Akasema swali hilo aliliuliza kabla hajatia sahihi, na katika onyesho lao hakuna atakayepakwa. Wakambana zaidi: je, hadithi yenyewe? Je, wale Waethiopia wanaoburutwa mateka katika sehemu ya pili? Dakika arobaini aliwajibu wanafunzi 180 waliokuwa wakisema kwa pamoja, huku feni ya projekta ikivuma juu ya vichwa vyao, bila kipaza sauti. Kipaza sauti kilikuwepo. Kilikuwa kwenye droo ya meza ya mhadhiri, na betri mpya ndani yake.

Niliandika kwenye fomu ya ukaguzi: "Ufundishaji wa hali ya juu kabisa."

Jioni ile walikuwa wakiifanyia mazoezi hukumu ya Radamès, jemadari wa Misri anayependwa na Amneris na sasa anashtakiwa kwa usaliti; ni tukio la kwanza la sehemu ya nne. Makuhani wako chini ya ardhi, hawaonekani. Ramfis, kuhani mkuu, humwita Radamès ajitetee, naye hajibu. Mara tatu huitwa, mara tatu hunyamaza. Amneris yuko juu peke yake, anasikia kila kitu na hawezi kuzuia chochote, hadi mwisho anawageukia makuhani na kuwalaani. Ndipo pagumu kuliko pote kwa mwimbaji wa nafasi hiyo, na panakuja mwishoni, akiwa ameshaimba karibu opera nzima. Kwaya ilikuwa imepangwa vibaya nyuma ya jukwaa, wakarudia. Wakarudia tena. Mara zote tatu Profesa aliimba kwa sauti kamili.

Asubuhi yake alifungua mlango wa ofisi yangu, akafungua kinywa, na badala ya salamu pakatoka hewa tupu.

## Maamuzi, na kwa nini

La kwanza, na ninaamini ndilo lililomwokoa, alilifanya mezani kwangu. Alichukua karatasi akaandika barua moja, akaipeleka pande zote mbili kwa maneno yaleyale: kwa idara na kwa uongozi wa jumba la opera. Alieleza kwamba sauti imekauka, kwamba dalili zilianza wiki tatu nyuma, na kwamba alizificha. Nilimshauri aandike barua mbili tofauti, kila upande uambiwe unaouhusu. Akatikisa kichwa na kuandika pembeni: "Nusu mbili ndizo zilizonifikisha hapa."

Siku iliyofuata daktari wa koo alimwingizia kamera ndogo yenye mwanga wa kumwekamweka, ambao hufanya mtetemo wa nyuzi za sauti uonekane polepole. Kulikuwa na uvimbe kwenye kingo za nyuzi zote mbili, katikati, pale zinapogongana kwa nguvu zaidi. Damu haikuwa imevilia, wala vinundu vigumu havijajengeka. Akaamriwa kunyamaza siku tano, na asinong'one pia, maana wengi hukaza koo wanaponong'ona. Baada ya hapo mazoezi mepesi ya kupuliza sauti kupitia mrija, chini ya mtaalamu wa tiba ya sauti, kisha kurudi hatua kwa hatua.

Suala la dawa kali ya kupunguza uvimbe lilizungumzwa kwa uwazi. Daktari hakuikataa, alisema ni ya dharura ya usiku mmoja. Hapa palikuwa na wiki mbili za mazoezi mbele, na uvimbe ukishuka kwa dawa mwimbaji huimba juu ya jeraha asilolihisi. Profesa akaiacha.

Katika siku zile tano za ukimya alifanya kile anachowafundisha wengine. Alifungua daftari jipya, kama anayeingia uwandani, na kuandika kila mara alipotumia sauti. Kwa kuwa sasa alikuwa bubu, alirudi nyuma kwenye kalenda na kuijenga upya wiki ya sita: mhadhara, semina, simu, kikao, mazoezi, mazungumzo ya korido, hata kuita lifti isubiri. Nilisaidia kwa sehemu ya chuo, na kiongozi wa mazoezi ya muziki akasaidia kwa sehemu ya jukwaa. Matokeo yalitushtua sote. Wiki ile aliimba kwa sauti kamili takriban saa mbili na nusu. Alizungumza zaidi ya saa kumi na tisa.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Hatukufuta mihadhara. Mkuu wa idara alipendekeza likizo bila malipo, Profesa akakataa kwa maandishi makali kidogo, akisema likizo ingethibitisha wazo kwamba kazi moja ndiyo inayoiba nyingine, wakati daftari linaonyesha vinginevyo. Badala yake akaanza kutumia kipaza sauti. Kipindi cha pili cha wiki kikawa cha makundi: wanafunzi wanasoma, wanabishana, wasaidizi wa ufundishaji wanaongoza, yeye anaandika maoni yake kwenye skrini. Saa za ofisini zikageuzwa kuwa za maandishi. Kwenye mazoezi ya jukwaani akawa anaimba kwa nusu sauti, noti za juu akizishusha oktava moja, yaani noti ileile ngazi nane chini, isipokuwa siku mbili walizokubaliana mapema.

Kisha likaja lililomuuma. Siku tisa kabla ya usiku wa kwanza, kila asubuhi alijipima kwa jaribio rahisi ambalo tiba ya sauti hulitumia: kuimba kwa sauti ya chini sana kwenye noti za juu. Uvimbe hujificha mtu anapoimba kwa nguvu, kwa sababu nguvu huzisukuma nyuzi zikutane. Mtu akiimba taratibu, pumzi hupenya na noti huchelewa kutoka. Asubuhi saba kati ya tisa noti ilichelewa. Aliomba mwimbaji wa akiba aimbe usiku wa kwanza na wa pili. Waimbaji wakuu wa opera kwa kawaida hulipwa kwa kila onyesho waimbalo, kwa hiyo alipoteza malipo ya usiku ule miwili, na pia usiku ambao wahakiki huja.

Kuna uamuzi mmoja zaidi nitaupita haraka, ingawa kwa wanaanthropolojia ungestahili makala yake. Akiwa kimya kwenye mazoezi, aliona na kusikia mengi, na daftari la sauti likaanza kujaa habari za wenzake: hofu zao, ugomvi wa chumba cha mavazi, maneno ambayo mwimbaji wa akiba alimwambia akilia. Ilikuwa data nzuri. Wenzake walikuwa wakisema na mwimbaji mwenzao, si na mtafiti. Alizichana kurasa hizo na akawaambia kwamba ameziandika na kuzichana.

## Matokeo

Aliimba usiku wa tatu, wa nne na wa tano. Nilikwenda wa tatu. Laana ya makuhani ilitoka nzima. Mimi nilikuwa nikingoja mahali pengine: mwisho kabisa, Radamès na mpenzi wake Aida wakiwa wamefungiwa kaburini chini, Amneris hupiga magoti juu ya jiwe na kuomba amani, "pace, pace", kwa sauti ndogo iliyo chini, karibu na usemi. Haina pa kujificha. Ilitoka safi, na nikajua amepona kabla kamera ya daktari haijathibitisha wiki kadhaa baadaye.

Kwa upande wa chuo, mtihani wa mwaka wa kwanza ulikwenda kama miaka mingine. Vipindi vya makundi vilisifiwa na wengi na kulalamikiwa na wachache waliotaka kumsikia yeye. Saa za ofisini za maandishi zilituangusha. Wanafunzi wenye uwezo waliandika maswali mazuri. Waliohitaji msaada hasa hawakuandika, kwa kuwa hawakujua waulize nini. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinyamaza mwezi mzima, na alipojitokeza sura yake ya pili ilikuwa imekwenda kombo kiasi kwamba alilazimika kusogeza tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Alilipa gharama ya koo lisilo lake.

Msimu uliofuata jumba lile halikumwita. Hakuna aliyesema sababu, nami sitakisia.

## Uchambuzi

Niliyekosea kwanza ni mimi, na naeleza kosa lenyewe kwa sababu naona likirudiwa kila mahali. Nilipanga saa. Saa za buluu na nyekundu hazikugongana, lakini zote zilikuwa zikitumia nyuzi mbili ndogo za nyama zilizo ndani ya koo moja. Mwanamke akizungumza kawaida nyuzi hizo hugongana takriban mara 200 kwa sekunde. Saa moja ya kusema mfululizo ni migongano 720,000. Toa nusu kwa vituo na pumzi, bado ni 360,000. Kwenye noti za juu za Amneris hugongana zaidi ya mara 800 kwa sekunde, ndiyo, lakini kwa dakika chache, kisha anasikiliza wengine. Darasani hakuna anayekupokea.

Wale wa "mshika mbili" walikosea pia, na kwa namna inayofanana na yangu. Walidhani amegawa muda wake. Muda ulitosha. Kilichokuwa kimoja ni koo.

Lakini kwa nini mtu aliyefunzwa sauti kwa miaka aumizwe na kuzungumza? Hili ndilo swali nililolitafakari zaidi, na jibu lake lina faida kwa walimu wote, hata wasioimba kamwe. Mwimbaji wa opera haishindi okestra kwa kupiga kelele. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye masafa ya karibu hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, na kuanzia huko juu hupungua haraka. Sauti iliyofunzwa hukusanya nguvu yake kwenye eneo la karibu hezi 3,000, ambako okestra imeacha nafasi na ambako sikio la binadamu ni jepesi sana. Johan Sundberg, mtafiti wa sauti wa Sweden, ndiye aliyelieleza vizuri jambo hili miaka ya 1970. Ni kupenya, si kusukuma. Profesa anaujua ufundi huo akiimba. Akizungumza huuacha, kama wote tunavyofanya, kwa sababu usemi ni tabia nyingine ya mwili, iliyofunzwa utotoni na watu wengine. Na katika kelele kila binadamu hupandisha sauti bila kuamua, jambo lililoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911. Katika dakika arobaini zile alikuwa mwalimu mwenye koo kama la mwalimu yeyote, huku akiamini ana ngao. Mauss angemwambia hivyohivyo, na ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha Mauss.

Hapo ndipo napaona pia mahali pa kile kipaza sauti cha kwenye droo. Opera huimbwa bila kipaza sauti. Ni fahari ya fani na ni haki yao. Fahari hiyo ilivuka mlango wa darasa ambako haikuwa na kazi. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakukichukua. Akasema: "Ningekichukua, mngesema kumbe hata kuimba hawezi." Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, lakini tulikuwa tumemzungushia hewa ambamo lingeweza kusemwa.

Kilichofanya kazi ni barua moja kwa pande mbili. Siku ile ile mratibu wa jumba la opera alinipigia simu, na ikawa mara ya kwanza kwa ofisi zetu kuzungumza katika miaka yote aliyofanya kazi kwetu sote. Tungezungumza wiki ya pili, kwaya ya makuhani ingerudiwa siku nyingine, au mhadhara ungesogezwa. Daftari nalo lilifanya kazi kwa kuwa lilimwondolea kila mtu nafasi ya kubishana kwa hisia. Kuhusu usiku ule miwili alioutoa, bado hatukubaliani. Mtaalamu wake wa sauti anasema mmoja ungetosha. Mimi niliyemsikia akijaribu noti zile asubuhi, mlango wa ofisi ukiwa wazi, ningefanya kama alivyofanya.

Saa za maandishi tumezifuta. Sasa anakutana na wanafunzi wawili wawili; mmoja anamweleza mwenzake tatizo lake, Profesa anasikiliza na kuingilia panapobidi. Fomu ya tathmini imebadilishwa kifungu kimoja, na uimbaji umehamishiwa kwenye utafiti, baada ya vikao vitatu ambavyo sitavisimulia.

Ratiba yangu sasa ina safu ya tatu, pembeni ya buluu na nyekundu, inayojumlisha dakika za sauti kutoka pande zote mbili kwa kila siku. Ya muhula huu imeshajazwa yote isipokuwa mraba mmoja, siku ya mahafali. Barua ya kumwomba aimbe imeshafika mezani kwangu, na siku ile ile asubuhi ana kikao cha saa tatu na watahini wa nje. Nimeiweka barua juu ya ratiba, na kesho nitampelekea zote mbili aamue mwenyewe.